Tunda la Mvungunya Nililoliosha

Jana mjukuu wangu, huyu ninayekaa naye hapa Chumbageni, kaniita jikoni kwa kunong'ona kama mwizi. Kaficha ndoo chini ya meza. Asali kaagiza kutoka Amani, hamira kanunua dukani, mengine yote kafuata kwenye simu, na siku ya tatu ndoo kimya. "Bibi, pombe yangu imekufa?" Nikacheka mpaka kanga ikanidondoka. Majirani zetu watu wa swala tano, sisi tunavundika pombe chini ya meza! Nikainama, nikatega sikio. Kimya. Nikamuuliza, "Ndoo umeoshea nini?"

"Sabuni ya unga, bibi. Mara tatu."

Shoga yangu, kicheko kikanikauka.

Mimi nimelelewa na bibi yangu, huko milimani chini ya Amani, sisi Wabondei. Bibi alikuwa fundi wa boha, pombe ya miwa. Miwa inamenywa, inatwangwa kwenye kinu kirefu, wanawake wanne wanapokezana michi, du, du, du, na sisi watoto tunagombania makapi kuyanyonya mpaka midomo inachanika. Raha iliyoje! Maji yake yanaingia chunguni, bibi anatia asali, halafu ndo linatumbukizwa tunda la mvungunya. Hilo ndilo hamira yetu. Likiwa bichi ni sumu, kwa hiyo linachomwa, linakatwa vipande, linakaushwa juu ya meko. Pombe ikiiva vinatolewa, vinakaushwa tena, vinangoja chungu kingine. Vya bibi vilikuwa vyeusi, vina utando, vinanuka kama kwapa la mbeba mizigo.

Bibi alikuwa akisema pombe ni mtoto mchanga. Ifunike kwa jani la mgomba lakini usikaze, ukikaza chungu kinapasuka. Ikichelewa kuchemka, isogeze kwenye jivu la moto. Ikianza kunuka siki, imepigwa na upepo, kanyweshe nguruwe. Ikigoma kabisa, chukua kata, kaombe povu kwa jirani. Ila pombe ya tambiko haiombewi povu. Hiyo ichemke yenyewe, au basi.

Sasa mwaka huo ikapikwa ya tambiko. Baba yangu mdogo alikuwa ameoa, mwaka wa nne huo, mtoto hakuna. Wazee wakasema wamwagie wahenga boha, wamwombee mke wake tumbo. Pombe ikiumuka, wamekubali. Isipoumuka, wamemkataa, arudi kwao.

Mama mdogo huyo nilimpenda, usiniambie. Ndiye aliyekuwa akinisuka, taratibu, haninyongi shingo kama shangazi. Akinisuka ananiimbia, akimaliza ananinusisha sabuni yake ya kunukia. Siku moja akanimegea kipande. Na shuleni mwalimu kutwa alikuwa akituhubiria usafi: uchafu ni ugonjwa, uchafu ni kifo. Nikavitazama vile vipande vyeusi juu ya meko. Nikajiambia, vichafu hivi ndivyo viende kumwombea mama mdogo?

Nikavipeleka mtoni. Nikavisugua kwa kile kipande cha sabuni mpaka utando wote ukatoka, nikavianika juani, nikavirudisha. Nilifurahi, nakwambia! Niliruka njia nzima.

Siku ya kwanza chungu kimya. Ya pili kimya. Bibi kakisogeza kwenye jivu, kakifunika blanketi, wapi. Siku ya nne wazee wakaja, wakafunua jani, maji yametulia kama ya kisima.

Shangazi akapiga makofi. "Tumbo kavu, na chungu nacho kimegoma!"

Mama mdogo akatoa kipande kimoja, akakinusa. "Mama, mbona hiki kinanuka sabuni?"

"Haya!" shangazi akaangua kicheko. "Leo mizimu imeoga!"

Bibi hakucheka. Akanigeukia. "Wee, umevigusa?"

Fimbo ya mpera nilikuwa naijua. Nikasema, "La, bibi."

Mama mdogo akakinusa tena. Sabuni ilikuwa yake, pale nyumbani hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Akakirudisha kipande chunguni, akafunika jani. Kesho yake kaka yake akaja kumchukua, akaondoka na sanduku kichwani, na mimi nilikuwa nimejifungia chooni nisimuage.

Mpaka nazaa wa tatu ndipo nikapata moyo wa kumtafuta, upande wa Korogwe. Nikakuta ameshazikwa, misimu miwili imepita. Kaka yake akanionyesha kaburi, akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema, "Aliwahi kunisuka." Basi. Na kumbe alikuwa ameolewa tena huko, akazaa wanne.

Siku hizi boha haipikwi kule. Kinu kililiwa na mchwa, mvungunya ulikatwa mbao, bibi hayupo, shangazi hayupo, wazee wale hakuna hata mmoja. Ufundi wote ninao mimi, na lile neno langu moja, ile "La", ninalo, na wote waliolisikia wamelala.

Siku ile ya kaburi yule kaka mtu alinichinjia kuku kwa heshima ya dada yake. Nikanawa mikono, nikala.