Nzuri, ila...

Kosa la wazazi wengi ni kukata simu mtoto akishasema "nzuri".

Kwetu habari huwa nzuri kwanza, hata nyumba ikiwa na msiba. Jambo lenyewe huja baadaye, baada ya "ila".

Leo asubuhi hapa Pasiansi, jirani yangu Mama Kulwa alimpigia mwanawe anayecheza mpira Ulaya.

"Habari? Nzuri? Haya, ufunge magoli baba!"

Akakata.

Nikamwomba apige tena. Akacheka. "Mzee nawe! Si kasema nzuri?"

Miaka ya tisini binti yangu Neema alikuwa mkimbiaji huko huko. Kwenye simu alisema nzuri, mimi nikauliza habari za mbio, muda wa simu ukaisha.

Nilipouza pamba yangu ya Magu, nilisafiri nikamwone akikimbia.

Alinifungulia mlango akiwa na magongo.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu palizi ya pamba, baba. Nilisubiri uniulize tena."

Hakukimbia tena. Nyumbani hakurudi.

Siku hizi nikimpigia anasema, "Nzuri, baba." Nasubiri ile "ila". Haiji.

Mpigie mwanao leo, na akisema nzuri, usikate.