Muuza dagaa aliyesimama kuwangoja wenzake mbioni

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Hilaria Kapinga anakaza mpira juu ya gunia la dagaa lililolala kwenye keria ya baiskeli yake. Analitikisa, halichezi. Anajifunga kanga kiunoni, anamuaga mumewe Festo, kisha anaanza kuuacha ufukwe wa Mbamba Bay na kuelekea mlimani.

Gunia lina kilo arobaini. Dagaa hao, ambao watu wa ziwani huwaita usipa, anawapeleka vijiji vya juu, kwa wakulima wa kahawa wasioliona ziwa isipokuwa kwa mbali. Pale mlima unapokuwa mkali, anashuka na kusukuma. Siku nzuri hubaki na faida ya shilingi elfu kumi na mbili. Siku ya mvua hubaki na dagaa.

Kazi hii ameifanya kwa miaka tisa, na ndiyo iliyompa miguu inayozungumziwa mjini hapa.

Hilaria, mwenye umri wa miaka 33, si mtu wa ziwani. Alizaliwa Maguu, kwenye miteremko ya mahindi na kahawa, akateremka huku kwa ndoa. "Maji mengi niliyoyajua mimi yalikuwa ya ndoo," anasema. Festo, ambaye ni mvuvi, ndiye aliyemfundisha kuogelea, akiwa amemfunga dumu tupu kiunoni ili asizame. Majirani walicheka wakachoka. Dumu likaja kufunguliwa mwaka wa tatu.

Agosti mwaka jana yaliandaliwa hapa mashindano ya michezo mitatu, yale wenyewe wanayoyaita triathloni: unaogelea mita 750, unaendesha baiskeli kilomita ishirini, unamalizia kwa kukimbia kilomita tano. Wanawake watatu wa kwanza wangekwenda kushindana Mwanza. Hilaria akajiandikisha, na baiskeli yake ileile ya gunia.

Majini alitoka karibu na mwisho. Katikati aliingiwa na hofu, na mwanamke mmoja aliyekuwa ubavuni mwake akapunguza mwendo na kumwambia avute pumzi, wako pamoja. Lakini kwenye baiskeli, mlima ulikuwa wa nyumbani. Aliwapita wote isipokuwa mmoja. Akafika wa pili mahali pa kuachia baiskeli, akaiegesha vizuri, akanywa maji.

Kisha akasimama.

Watu walimpigia kelele akimbie, yeye akawa anatazama barabara alikotoka. Alikuwa anamngoja yule mwenzake wa majini.

Asiyewajua Wamatengo, watu wa kabila lake, atadhani ni uzembe. Kwao Maguu kuna kazi ya pamoja inayoitwa ngokela: majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao, kesho la mwingine. Alivyolelewa Hilaria, mwenye mkono mwepesi akimaliza mstari wake haanzi mwingine peke yake. Hungoja, au hurudi kumsaidia aliye nyuma. Mama yake alimchapa siku alipojifanya hodari akawatangulia wenzake.

"Yule alinishika mkono kwenye maji," anasema. "Ningeanzaje mstari mpya na yeye bado yuko njiani?"

Alingoja dakika mbili. Mwenzake alipofika, wakaanza kukimbia pamoja, na huko mbele miguu ya mwenzake ikawa mirefu kidogo. Hilaria alimaliza wa nne. Aliyekuwa wa tatu, kwa tofauti ya sekunde arobaini, ni yuleyule aliyengojwa: Gaudiosa, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa hapa kutoka Kagera. Mwalimu akaenda Mwanza. Hilaria akarudi kwenye dagaa. Wema hauozi, lakini usiku ule, anakiri, alilia.

Mwaka huu mashindano yanarudi, na tangu Machi amekuwa na njia mbili mbele yake.

Ya kwanza ni kocha Ignatio wa Songea, aliyemwona mwaka jana na kusema yuko tayari kumfundisha peke yake, siku tatu kwa wiki, kwa elfu sitini kwa mwezi. Maneno yake ni machache. "Miguu yako haina kosa," alimwambia. "Kosa liko kwenye shingo. Inageuka nyuma."

Hilaria alijaribu wiki mbili. Kocha alimfundisha kuzamisha uso badala ya kuogelea kichwa juu, na kweli akawa mwepesi. Lakini ziwa lilikuwa pana na yeye alikuwa peke yake ndani yake. Mara mbili hofu ilimrudisha ufukweni.

Njia ya pili ni klabu ya Jumamosi, ya walimu, wauguzi na maofisa wa halmashauri, ambayo Gaudiosa ndiye mwenyekiti wake. Ada ni elfu tano. Wanachelewa, wanacheka, na chai yao huwa ndefu kuliko mazoezi. Festo anasema hicho ni kikundi cha vitumbua. Kati yao Hilaria haogopi maji hata kidogo, ila anawangoja kila mahali.

Hapo ndipo aliponasa. Kwa kocha angeacha kungoja lakini abaki na hofu. Klabuni hofu ingekwisha, kungoja kungebaki. Na kocha alitaka jibu kufikia Jumapili.

Jumamosi hiyo klabu iliogelea hadi kwenye jiwe lililo mita mia tatu kutoka ufukweni. Hilaria alifika wa kwanza, uso ndani ya maji kama alivyofundishwa. Akalishika jiwe, akageuka, akangoja. Gaudiosa alipomfikia hakulishika jiwe.

"Mama Lidia, nafasi yako ya Mwanza niliila mimi," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake. "Mwaka mzima hainishuki. Usinilishe tena. Sisi tuko nyuma yako, hatuzami. Nenda."

Hilaria anasema hakuwahi kuambiwa neno hilo na mtu aliyeko nyuma yake. Akaliachia jiwe, akarudi ufukweni peke yake, bila hofu, kwa kuwa aliwasikia wakipiga maji na kubishana huko nyuma.

Jumapili baada ya misa alimpigia kocha kumshukuru, akaingia klabuni. Kocha hakununa. Alimwomba tu ailinde shingo yake.

Mlima unaanza kumkaba sasa. Hilaria anashuka, anasukuma, anazungumza bila kuhema. Agosti anataka kumaliza miongoni mwa watatu. Na wenzake, je?

"Kwenye ngokela mtungi wa togwa huwekwa mwisho wa shamba," anasema. "Nitawangoja. Ila nitawangojea huko kwenye mtungi."