Siku Niliyopeleka Barua ya Posa Bila Hendibreki

Nina hasira hadi leo, na niseme mapema kwamba aibu hii niliitafuta mwenyewe, maana nikianza kwa kulaumu watu mtanisikiliza vizuri mpaka katikati halafu mtanigundua, kama walivyonigundua wale wa Karema, na mimi sitaki kugundulika mara ya pili.

Gari langu mnalijua, lile Landkruza la zamani la rangi ya maziwa ninalobebea mpunga na watu wa Kasokola barabara zikiharibika. Shida yake ilikuwa breki za nyuma. Zilikuwa za dramu, yaani zimefunikwa na bakuli la chuma, na kila nikivuka mto maji na tope vinaingia humo na havitoki, kwa hiyo unakanyaga breki na gari linaendelea na safari yake kana kwamba hujasema kitu. Masika iliyopita nilienda kusimama ndani ya kibanda cha muuza mahindi ya kuchoma (mwenyewe alikuwa ametoka kidogo, Mungu ni mwema) na siku hiyo hiyo nikaapa kuzing'oa, niweke za diski, ambazo zimekaa wazi, tope likiingia linatoka.

Kazi nikampa fundi Deo, mwenye gereji pale Kashaulili, Mpanda mjini. Deo ni mpole, anaongea taratibu utafikiri nesi anakuelekeza namna ya kunywa dawa. Akatafuta diski kwenye gari lililopata ajali, akakata vyuma vya kuzishikilia, akachomelea, akavuta mabomba mapya, akatoa upepo uliobaki ndani yake, na Ijumaa jioni akaniita.

"Kaka, breki za mguu zimeshika vizuri," akasema. "Ila hendibreki bado. Ile ya zamani ilikuwa inakaa humo humo kwenye dramu, imetoka nayo. Waya wa kuunganisha na hizi mpya unakuja Jumatatu. Usitoke nalo."

Sasa Jumamosi ndiyo nilikuwa napeleka barua ya posa ya mdogo wangu Festo, na mshenga ni mimi, na nilikuwa nimeshajiona nashuka Karema kwa wakwe na gari langu jipya la zamani. Ningeweza kuazima gari lingine, wenye magari walikuwepo. Lakini nikamwambia Deo, tena kwa sauti ili mafundi wenzake wasikie, "Hendibreki ni ya madereva waoga. Nitaweka gia na jiwe."

"Gari ni lako, kaka," akasema, akaendelea kufuta mikono.

Tulikwenda watu wanne, mimi, baba wadogo wawili, na Shangazi Vene, dada yake marehemu baba, mwenye miguu inayovimba akikaa sana. Na breki zilishika, sitaki kumwonea mtu. Kwenye ile miteremko ya kushukia ziwani nilikuwa nakanyaga kidogo tu gari linatulia, na kila likitulia natoa mahubiri kuhusu diski, mpaka Shangazi akachoka.

"Baba, hiyo breki umeisema tangu Mpanda," akasema. "Tukifika useme na habari za Festo."

Nyumba ya Mzee Kalisti, baba wa binti, iko juu kidogo ya ufukwe, na nyuma ya nyumba pana uwanja wa tambarare kabisa wa kuweka hata magari matatu. Mimi nikaegesha mbele, kwenye mteremko, pua ikiangalia ziwa na makalio ya gari yakiangalia barazani, kwa sababu nilitaka wakwe wakikaa wazione diski zinavyong'aa. Nikaweka gia, nikachagua jiwe zuri nikaliweka mbele ya tairi. Shangazi akasema miguu inamuuma, ajinyooshe kiti cha mbele mpaka tukimwita.

Tukakaribishwa barazani, tukasalimiana, habari za safari, habari za mvua, na mimi nikasimama kufungua mazungumzo, suti imenikaa, barua mfuko wa ndani. Nikiwa katikati ya sentensi nikaona gari langu linaondoka. Halikunguruma wala kutoa mlio, liliondoka tu kwa adabu, kama mgeni aliyechoka kusubiri chakula.

Nikakimbia. Chini pale akina mama walikuwa wameanika dagaa, eneo zima ni dagaa, na gari likapita katikati yao huku akina mama wakiruka pembeni, likaingia ziwani, likaenda, likaenda, likasimama maji yakiwa nusu ya milango. Pale dirishani kichwa cha Shangazi kikainuka taratibu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia kiti cha dereva.

"Nani anaendesha?" akaniuliza.

Nilikuwa maji kifuani, nimeshika kitasa cha mlango wake. Ndugu zangu, hapo utani uliniisha, maana nilimwona mama wa watu mwenye miguu mibovu, maji yanamfika kiunoni na yeye hajui kuogelea, na mlango niliuvuta mara tatu nikashindwa kuufungua, akaufungua mvuvi mmoja. Nikambeba mgongoni mpaka nchi kavu. Hakuumia. Wavuvi wakafunga kamba, wakalivuta gari huku wanaimba, na nusu ya kijiji wameshika simu wanapiga video.

Ile hofu ilipotoka ikaja hasira, tena hasira ya kipumbavu, ya kutafuta mtu. Nikapanda kwa wakwe nachuruzika maji nikauliza nani kachukua jiwe langu.

Mama mmoja akatokea uani, mwiko mkononi. "Mimi," akasema. "Sufuria la wali lilikuwa linayumba, likahitaji jiwe moja. Sikujua kama jiwe ndiyo breki."

Baraza zima likacheka, na hata baba zangu wadogo walicheka. Na Shangazi, badala ya kuninusuru, akasema pale mkekani alipokaa amevikwa vitenge vya kuazima, "Na ile fimbo ya gia niliisukuma kwa goti wakati najilaza. Ilikuwa inanichoma."

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akaomba radhi, akala wali. Mimi nikaazima simu ya baba mdogo (yangu ilikuwa imekunywa maji), nikampigia Deo, nikaweka spika ili kila mtu asikie kosa ni la nani.

"Deo," nikafoka, "niko mbele ya wakwe. Waambie umenifungia breki gani hizi. Umetaka kuniulia shangazi."

Akauliza kwanza: "Shangazi ameumia?"

"Hajaumia."

"Tumshukuru Mungu." Halafu kwa sauti yake ile ile ya nesi: "Kaka, nilikwambia usitoke nalo, hendibreki haijafungwa. Ukaniambia hendibreki ni ya madereva waoga, utaweka gia na jiwe."

Safari hii hakucheka mtu. Afadhali wangecheka.

Mzee Kalisti akaniomba barua. Nikaitoa, ikatoka kama ugali mwembamba, wino wote umehamia kwenye shati langu. Akaishika kwa vidole viwili, akauliza hapa asome nini. Ndipo Shangazi Vene akaomba aruhusiwe, akasimama na miguu yake ile, akaeleza Festo alivyo, alivyomuuguza baba yetu, anavyolima, na kwamba binti yao akija kwetu hatalala na njaa wala na machozi. Hakuongea sana.

"Barua tumeipokea kwa mdomo wa huyu mama," Mzee Kalisti akasema. "Kijana wenu hatujamkataa. Ila mshenga, tunaomba mtubadilishie. Mtu anayemsingizia fundi wake mbele yetu, kesho ndoa ikipata shida, atatuletea maneno gani?"

Mchana ule wote nilishinda ufukweni na wale akina mama, natenganisha dagaa na mchanga, suti inanikaukia mwilini. Jumatatu nilikwenda gereji nikamwomba Deo msamaha mbele ya mafundi wale wale, akaniambia nipishe apite na jeki.

Sasa mshenga ni Shangazi, na vikao vinakwenda vizuri, na mimi naendesha gari tu, nikifika nakaa nje. Kutoka gereji kabla fundi hajaniruhusu, sitoki tena, na kumpigia mtu simu nimchafue mbele za watu, hiyo nimeapa hata kwa mama yangu. Lakini hasira haijaisha. Kila siku naamka nayo, naitafutia mtu wa kumpa, na kila nikizunguka namkuta yule yule mmoja, ananyoa ndevu kwenye kioo.