Mbao Kwanza, Msahafu Baadaye

Nilirudi Kasongo kutoka Misri nikiwa na masanduku mawili ya vitabu, kilemba kirefu kuliko haja, na yakini kwamba walimu wa huku hawajui kufundisha. Nilikuwa nimekaa miaka sita katika chuo kikuu cha msikiti, nikisikiliza mashehe wakibishana juu ya irabu moja tangu alfajiri hadi adhuhuri. Mtu akitoka pale hujiona amebeba kisima kichwani. Kumbe ni ndoo, tena imevuja njiani.

Kasongo ya siku zile, mji wa misafara huku bara, kabla Wazungu hawajaingia, ilikuwa na vyuo vinne vya Kurani. Watoto wengine walikuwa wa wenye nyumba, wengine waliletwa mjini na misafara bila kuulizwa. Wote walikaa mkeka mmoja wakiimba alifu haina kitu, be nukta moja chini. Walimu wao waliwafundisha kama wao wenyewe walivyofundishwa, kwa sauti kubwa na fimbo ndogo. Aliyewafundisha walimu hakuwapo. Nikaona hapo ndipo Mungu aliponiwekea kazi.

Nikawaita barazani kwangu kila Alhamisi mchana, siku ambayo vyuo hufungwa. Walikuja kwa sababu mke wangu alipika wali, na mchele wa mashamba ya Kasongo hauhitaji hoja. Nikawaeleza namna ya kumfanya mtoto aelewe kabla ya kukariri. Walisikiliza kwa adabu. Alhamisi ya tatu mkubwa wao, mzee aliyebakiwa na meno mawili, akaniuliza kwa upole nimewahi kufundisha watoto wangapi. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa misingi ya elimu, si wa watoto hasa.

"Ahaa," akasema, akaomba mchuzi.

Ndipo nikaamua kuandika, maana karatasi haiombi mchuzi. Niliuita Waraka kwa Walimu: kurasa nane, kalamu ya tete, wino wa masizi. Niliunakili mara tano, nakala nne za mjini na moja ya Kabambare, ambako kulikuwa na mwalimu mmoja tu. Huyo alikuwa Mubangubangu wa kuzaliwa, mwenyeji wa kulekule, aliyejifunza kusoma akiwa tayari na ndevu, akafungua chuo nyuma ya nyumba yake. Tulikuwa tumeonana mara moja. Nakala yake niliipeleka kwa mkono wa kiongozi wa msafara.

Mahali nilipopapenda zaidi katika Waraka ni pale pa mbao. Watoto wetu huandika juu ya ubao wa mti, wakausoma, wakauosha, wakaandika tena. Lakini walimu wenye haraka waliziacha mbao na kuwapa watoto msahafu wauimbe kama kasuku. Niliandika hivi: "Kila asubuhi mbao kwanza, msahafu baadaye. Wakae wawili wawili, mmoja auangalie mkono wa mwenzake. Mtoto asiinuke mpaka ameshinda. Mwalimu asimsaidie."

Sasa, Kiswahili tulikiandika kwa herufi za Kiarabu, na desturi yetu ilikuwa kutoiandika m inayotangulia be. Kwa hiyo mbao niliiandika be, alifu, wau. Ile m msomaji huiongeza mwenyewe, kwa akili yake.

Miezi mitano ikapita. Siku moja mfanyabiashara mmoja wa Kabambare akasimama mlangoni kwangu na vumbi lake, akakataa kuketi. Alisema mwalimu wa kule amegeuza chuo kuwa uwanja wa bao. Watoto wanacheza tangu asubuhi, naye akiulizwa hutoa karatasi na kusema ni amri ya mwalimu wa Misri. Wazazi wameshapata mtu mwingine, mgeni wa pwani mwenye sauti tamu, na mwezi ukiandama watamkabidhi watoto, labda mimi nifike mwenyewe kushuhudia kwamba yule mwalimu hakusema uongo. Akinyang'anywa chuo atarudi kulima mihogo, na mgongo wake hauwezi jembe tena.

Alipoondoka niliuchukua Waraka, nikausoma kama ulioandikwa na mtu mwingine. Bao kwanza, msahafu baadaye. Wakae wawili wawili. Mmoja auangalie mkono wa mwenzake; na ni nani aliyewahi kucheza bao asijue kwamba mkono wa mwenzako ndio wa kuangaliwa? Mtoto asiinuke mpaka ameshinda. Kila sentensi ilikubali. Ningekusudia kuandika kanuni za bao, nisingeziandika vizuri hivyo.

Kwenda Kabambare ni siku tano kwa miguu, sita kwa mtu aliyesoma Misri. Njia nzima nilipima maneno mawili. Nikisema yule mwalimu amekosea kusoma, nani atamwachia mtoto mwalimu asiyejua kusoma? Nikisema mimi nimekosea kuandika, kilemba changu kitakuwa kinafunika nini? Nililala Lusangi nikiwa sijaamua. Nilifika Kabambare nikiwa sijaamua bado.

Nyuma ya nyumba ya mwalimu niliwakuta watoto wapatao ishirini wamechimba mashimo ardhini, safu nne nne, wakisogeza mbegu nyeusi za porini. Hakuna aliyesinzia. Mwalimu alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwalimu mukubwa. Umekuta watoto iko kazini."

Wazazi walikuwa wamesikia habari zangu, wakaja. Mbele yao alikuwa mzee mmoja mcha Mungu, muuza nguo, ambaye hakuniamkia mpaka alipokuwa amekwisha kunitazama vya kutosha. Aliutaka msahafu. Akamwita binti mmoja wa miaka kama tisa, akafungua katikati, akaweka kidole popote alipotaka. Binti akasoma. Mzee akaruka mistari, akafunika neno la mbele ili asikisie, akarudi nyuma. Binti akasoma. Akaita wa pili, akaita wa tatu. Niliwajua wanafunzi wa Kasongo wenye mwaka wa nne ambao wasingeweza hata nusu yake.

Mzee akaufunga msahafu, akaubusu.

"Wanasoma," akasema. "Lakini mimi sikuuliza kama wanasoma. Nauliza nani ameleta bao chuoni. Shehe, uliandika bao ama hukuandika?"

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa ameshika Waraka wangu, umechakaa kwenye mikunjo, akitazama chini.

"Niliandika bao," nikasema. "Be, alifu, wau. Mkono wangu mwenyewe."

"Na mchezo wenyewe unaujua?"

Nilisema naujua. Hilo ndilo lililokuwa la uongo.

"Basi keti," akasema mzee.

Nikaketi mavumbini mbele ya yule binti. Alinila mbegu zangu zote kabla sijapanga kanzu. Nilipotaka kusimama, watoto wakaimba kwa pamoja, kwa sauti ileile ya alifu haina kitu, "Mutoto asiinuke mpaka ameshinda." Wa kwanza kucheka alikuwa mzee wa nguo. Nikacheza mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kina mama walileta watoto wao wadogo waone mtu wa Misri anavyoliwa. Mara ya saba mzee akainuka, akajipangusa machozi ya kicheko, akamwambia mwalimu kwamba yule mgeni wa pwani atatafutiwa kazi ya kuadhini, maana sauti anayo. Wazazi wengine hawakupinga. Hivyo ndivyo chuo kilivyobaki pale kilipokuwa. Mimi niliokolewa na sala ya alasiri.

Tulipokuwa tukitawadha, mwalimu alinisogelea na kopo la maji.

"Mwalimu, mimi nilijua ni mbao."

Nikamuuliza tangu lini.

"Siku ya kwanza. Lakini mbao iko tangu zamani. Watoto ndiyo hawakuwako. Kila siku wanatoroka kwenda mutoni. Kusoma karatasi yako nikaona iko mulango mbili, nikapita ule wenye watoto. Bao ikiisha, wanabaki kusoma."

"Kwa nini hukuwaambia wazazi kwamba shauri ni lako?"

Alinimiminia maji mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

"Wangesikia mimi?" akasema.

Alhamisi moja baada ya kurudi Kasongo, yule mzee wa meno mawili aliniuliza tena, kwa upole uleule, nimefundisha watoto wangapi hadi sasa. Nikamwambia bado hakuna, lakini kuna binti mmoja Kabambare ameanza kunifundisha mimi. Akanisogezea mchuzi bila kuombwa.

Siku hizi vijana huandika m mbele ya be, na kwa kweli ni uandishi bora. Waraka nimeunakili mara nyingi tangu hapo kwa walimu wa huku na huku. Mahali pale, m sijaiweka.