Kimea, Mate na Uso wa Mama Mkubwa

Mama yangu alianza kuniamkia mwaka juzi, nilipopata kazi Njombe. Nilikuwa nimeshuka kwenye gari Makambako, nikatembea mpaka nyumbani Kitandililo, begi bado liko begani. "Shikamoo, dada," akaniambia mlangoni. Nikadhani ananitania, maana zamani alikuwa mtani kwelikweli. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisimama akingoja niitikie, na nilipoingiza begi ndani bila kuitikia akanuna mpaka jioni.

Dada aliyemwona kwangu ni mama mkubwa, aliyefariki Iwawa, kule Makete, nikiwa darasa la tano. Ndugu zetu wa Makete wameniambia tangu utotoni kwamba nimefanana naye: paji la uso, meno ya mbele, hata namna ya kutembea bega moja limeinama. Sikupenda. Nilitaka nifanane na mama. Sasa ugonjwa wa kusahau umemnyang'anya mambo ya karibu, yamebaki ya mbali, na huko mbali mimi sijazaliwa.

Na kazi yangu, jamani, ni hiyohiyo ya kufanana. Ninafundisha chuoni, na muda unaobaki nakaa kwenye kompyuta nikilinganisha maumbo ya vimeng'enya, zile protini zinazofanya kazi za mwili kama kukata chakula vipande vipande. Kimoja kimo kwenye mate yetu. Ndicho kinachofanya ugali uwe mtamu ukiutafuna muda mrefu. Ndugu yake yumo kwenye kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa. Kila kimoja ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo, vinavyofuatana kama herufi kwenye sentensi. Ukiweka herufi za cha mate na za kimea sambamba, nyingi haziendani kabisa. Ungeapa hawa hawajuani. Lakini mnyororo ukishajikunja, vyote viwili vinatoa umbo lilelile: mbao nane zimesimama kwa duara kama pipa, na mdomoni mwa pipa, pale wanga unapokatwa, zile herufi chache za kukatia zimebaki vilevile. Ndiyo maana tunasema mzee wao alikuwa mmoja, zamani sana, kabla mmea na mnyama hawajaachana njia. Herufi zilibadilika mojamoja, kizazi baada ya kizazi. Umbo likashikilia, kwa sababu lililoharibika halikuweza kukata wanga, na lisiloweza kazi halikuacha warithi.

Wanafunzi nawaeleza haya kwa raha zangu zote. Jumamosi nikifika kwa mama, akaniita dada, raha inaniishia. Sawa, sura ni ya marehemu, nakubali. Lakini mtoto ni mimi. Nilichokuwa nakitamani ni kidogo tu: aniite mwanangu, hata mara moja, kabla sijampoteza kabisa.

Ndipo nikapata wazo la togwa. Togwa ya mama ilijulikana mtaa mzima, na aliyekuwa akimsaidia kukoroga ni mimi. Mama mkubwa hakuwa mtu wa jikoni. Nikasema moyoni, akionja tu atajua aliyeitengeneza ni nani. Nikanunua kimea sokoni, nikapika uji wa mahindi, nikauepua. Hapo kazi ni kusubiri. Uji upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo unamwagia unga wa kimea na kukoroga, na baada ya muda uji mzito unalainika wenyewe, unakuwa mtamu.

Mama alikaa kwenye kigoda karibu yangu. "Dada," akauliza, "Iwawa umewaachaje?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. "Mimi si dada yako, mama. Ni mwanao. Hebu niangalie vizuri."

Akaniangalia kwa adabu, kama mgeni aliyekuta mwenye nyumba anafoka, kisha akainamisha macho. Nami kwa kuchukia nikamwaga kimea chote kwenye uji ukiwa bado wa moto wa kuunguza.

Mwalimu mzima wa vimeng'enya. Kila muhula nafundisha kwamba joto kali linalikunjua lile umbo, na likishakunjuka, herufi zote zipo lakini kazi haifanyiki. Nilikoroga mpaka mkono ukauma. Uji ulibaki mzito vilevile, hauna utamu wowote.

Mama akaonja, akaweka kikombe chini taratibu. "Umekiunguza kimea, dada. Mwanangu asingekosea hivi. Yule anayasoma mambo haya, yuko chuo Morogoro."

Nikauacha mwiko. "Unamkumbuka?"

"Nitamsahauje mwanangu?" Akageuka kutazama mlango, kama anaogopa kusikiwa, akanishika mkono. "Ila ukimwona, nakuomba, usimwambie kwamba nimeanza kupoteza kumbukumbu. Ataacha masomo arudi kunilea. Mwache amalize kwanza."

Morogoro nilikaa miaka minne. Likizo nilikuwa nabaki maabara, nikiona aibu kuacha kazi katikati. Jumapili nilikuwa napiga simu, naye ananijibu kwamba yuko mzima, nisiwe na wasiwasi, nisome. Nikasoma kweli.

Alikuwa bado ameushika mkono wangu, anangoja ahadi.

"Sitamwambia," nikamjibu, "sitamwambia, mdogo wangu."