Hakukuwa na Mtu Chumbani

Volkmar Lindig aliendesha treni za bonde la mto Saale tangu enzi za serikali ya zamani ya kikomunisti, na mimi nilikuwa kondakta wake kwa miaka mingi. Hakuwa mtu wa maneno. Alipanda, akaingia chumba chake, akafunga mlango. Mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Wakati wa kwenda, kichwa cha treni kilikuwa mbele. Wakati wa kurudi hakikugeuzwa. Kilibaki nyuma kikisukuma, na Volkmar alihamia behewa la upande wa pili, lenye chumba kidogo cha dereva. Pale huna injini ya kukukinga. Kuna kioo, bati, halafu reli. Mguuni kuna kanyagio unalolikanyaga na kuliachia safari nzima. Ukisahau, treni inajifunga breki. Chini ya behewa kuna sumaku inayohisi sumaku nyingine zilizofungwa kando ya reli. Ukipita taa ya tahadhari, unabonyeza kitufe kuonyesha umeiona. Ukipita taa nyekundu, treni inasimama, utake usitake.

Mkewe, Sieglinde, alikufa Septemba kwa saratani ya kongosho. Baada ya mazishi Volkmar alirudi kazini amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Nilimuuliza kwa nini asipumzike zaidi.

"Nikapumzike wapi, Ramona?" alisema. "Nyumbani hakuna anayenijibu."

Daktari wa reli alimpima macho, masikio na moyo. Vyote vilikuwa vizima.

Novemba, mchana mmoja wa mawingu mazito, tulikuwa tunarudi. Nilikuwa nakagua tiketi ya mama mmoja mwenye kikapu cha matufaha pale breki ziliposhika kwa nguvu. Nilianguka juu ya kiti, matufaha yakatapakaa behewa zima. Nilipoinuka nikakimbia mbele.

Volkmar alikuwa ameketi wima, anatazama kioo. Mbele yetu, pale reli zinapokutana, treni ya abiria ilikuwa inakatiza njia yetu taratibu. Niliona nyuso madirishani. Mtoto mmoja alitupungia mkono.

"Umeumia, mzee wangu?"

"Tumepita nyekundu," alisema.

"Na ya tahadhari, kabla yake?"

"Sikuiona." Alikitazama kitufe. "Lakini nilibonyeza."

Alimwita mwongoza treni wa kituoni kwa redio, akaeleza yaliyotokea kwa sauti tulivu kabisa. Kisha akashuka, akakaa kwenye kokoto kando ya reli mpaka dereva mwingine alipoletwa.

Wakubwa walipomwita kumhoji, nilimsubiri nje ya ofisi yao nimshauri.

"Waambie hali ya hewa ilikuwa mbaya. Giza lile, nani angeona?"

"Taa inaonekana vizuri zaidi gizani. Unajua hivyo."

"Kwa hiyo unataka wakufukuze?"

"Nataka wajue." Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Nilikuwa jikoni kwangu, Ramona. Sieglinde anamenya viazi, ananisimulia habari za jirani. Mguu unakanyaga, unaachia. Mkono unabonyeza. Mashine ikaamini kuna mtu mle chumbani. Hakukuwa na mtu."

Akaingia, akawaambia hivyo hivyo.

Hawakumfukuza. Walimpeleka karakana, akawa analala chali chini ya mabehewa akipima sumaku zilezile. Mafundi wa kule hawana adabu. Mmoja alimtania, "Lindig, ibusu hiyo, ndiyo mkombozi wako."

"Iliwaokoa wa treni ya pili," Volkmar alijibu kutoka chini. "Mimi nilikuwa sina haja ya kuokolewa." Hakuna aliyecheka, na fundi yule hakumtania tena.

Baada ya matibabu kwa daktari wa akili walimwambia anaweza kurudi kuendesha. Wengi wetu tulifurahi. Yeye akakataa, akaacha kazi, akaamua kuhamia kwa binti yake, Bremen. Kwa treni ni safari ya saa chache. Alikata tiketi ya basi, mwendo wa siku nzima. Nilimbebea begi hadi kituoni.

"Kaburi nitalipalilia mimi," nilimwambia.

"Anapenda maua ya zambarau," alisema. "Usimpandie mekundu."

Alipanda, akakaa upande wa pili, ambapo sikuweza kumwona.

Mwaka uliofuata binti yake alinipigia simu. Baba hatoki tena chumbani, alisema, na haongei. Akiletewa chakula anashukuru kwa kichwa tu. Alitaka kujua zamani alikuwa mtu wa namna gani, maana utotoni mwake baba alikuwa safarini siku zote.

Nilimweleza nilichoweza. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Alilia taratibu, akanishukuru, akakata simu.