Kutafuta Matone ya Kuotesha Neva

Jicho la kushoto la shangazi Minza liliacha kuuma, nasi nyumbani Misungwi tukashangilia. Ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulikuwa umempitia usoni. Maumivu yalikuwa yameisha, ila aliona kama anachungulia ndani ya kikombe cha maziwa. Mimi, niliyesoma biolojia ya masomo ya jioni kuliko watu wote wa Kanda ya Ziwa, nilisikia redioni kwamba Ulaya wanajaribu matone yanayokuza neva za jicho. Nikamwambia shangazi siku hizi ni soko huria, Mwanza kuna kila kitu.

Saa moja asubuhi tulipanda lori la mnunuzi binafsi wa pamba. Vumbi lilitosha kujenga nyumba mbili. Wote tulifumba macho. Jicho la kushoto la shangazi tu lilibaki wazi. Nikamsifu kwa ujasiri.

Saa nne, mjini, tulizunguka maduka ya dawa kama mia hivi. Muuzaji mmoja alisema ana sabuni za Dubai na dawa za mbu, lakini mbegu za neva niulize maduka ya kilimo. Ndiye aliyetuelekeza kliniki ya macho.

Saa saba, daktari, mama wa makamo, alimwamkia shangazi shikamoo, akasokota uzi wa pamba, akagusa jicho la kulia. Likaruka. Akagusa la kushoto.

"Umesikia kitu, mama?"

"Nisikie nini? Hujaanza."

Daktari akaeleza: neva zimekufa ganzi, jicho halijui vumbi, na kidonda kimeshaanza. Matone yale ni kweli yanajaribiwa, hata wazee wanaopoteza kumbukumbu wanafikiriwa kupewa dawa hiyohiyo ya kukuza neva, lakini huku hayajafika. Lililopo ni kushona nusu ya kope ili kidonda kipone, la sivyo jicho litatoboka.

Shangazi akanigeukia. "Uliniambia nakuja kufunguliwa jicho. Kwetu anayefungwa macho ni marehemu."

"Nilikuza maneno, shangazi. Sikujua kama dawa ipo."

Kisha akamuuliza daktari kama nusu itakayobaki itaona. Daktari akasema itaona kidogo, na jicho litabaki lake.

"Basi shona. Na huyu akae aangalie."

Nilikaa. Jasho nililotoa lingejaza Ghuba ya Mwanza.

Siku ya nne, Misungwi, majirani walitaka kusikia habari za matone. Nikawaambia hatukuyapata. Nikawaambia pia kwamba jicho lilipoacha kuuma ndipo lilipokuwa linakufa, nasi tukashangilia. Wengine walicheka, lakini jirani yetu Mabula, aliyepata mkanda wa jeshi usoni wakati wa masika na jicho lake nalo likaacha kuuma, hakucheka. Aliuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.